Masizi na Udi

Tangu siku ya harusi ya Kiwangwa, Adila hakuligusa lile gari. Siku tisa lilikaa pembeni mwa gereji ya mjomba wake Maulidi, pale Zinga kando ya barabara ya Dar, limefunikwa turubai la buluu, na kila alipolipita na spana mkononi aligeuza uso upande wa pili, kama mtu anayempita waliyegombana naye. Magari ya watu wengine aliyashughulikia. Alifunga breki, alibadilisha mikanda, alitafuta nyaya zilizokatika. La Shuaibu aliliacha na turubai lake.

Lilikuwa Subaru jeupe. Shuaibu alilinunua kwa mananasi ya misimu mitatu, akaliwekea turbo kubwa kuliko lile lililokuja nalo, nozeli za kumimina petroli nyingi zaidi, na kompyuta inayokubali kufundishwa. Kilichobaki ni mtu wa kuifundisha. Alizunguka kwa mafundi mpaka akachoka, hadi mchana mmoja aliposimama Zinga kujaza upepo akamkuta mwanamke wa miaka ishirini na saba, mtandio kichwani, mikono ya ovaroli imekunjwa, laptop juu ya boneti ya gari la mtu, anasoma tarakimu huku midomo inacheza kama yuko kwenye uradi. Upepo alijaziwa. Hakuondoka. Miezi mitano baadaye alikuwa bado hajapata sababu ya kuondoka.

Adila hakuzaliwa fundi. Mume wake wa kwanza alipomwacha na Lulu wa miezi minane begani, alijiandikisha masomo ya jioni mjini Bagamoyo, umeme wa magari na mifumo ya mafuta, akawa anamwachia mama yake mtoto baada ya alasiri na kumrudia amekwisha lala. Sasa Lulu ana miaka minne na ana mchezo wake. Mama akirudi, huishika mikono yake miwili, huinusa, na hukisia. Leo grisi. Leo petroli. Leo mama umekula chapati bila mimi.

Kazi ya kulityuni gari, kuipimia injini petroli na hewa, alimweleza Shuaibu siku ya kwanza kwa lugha ya jikoni, maana ndiyo iliyomjia.

"Ni tui," alimwambia. "La kwanza zito, la pili jepesi, na kila chakula kina tui lake. Gari likitembea taratibu linataka jepesi, hewa sehemu kumi na nne na ushei kwa petroli moja. Turbo likianza kusukuma linataka zito, kumi na moja na nusu hivi. Ukilinyima, pistoni zinaungua."

Kwenye dashibodi alimfungia geji ndogo ya duara, ya kusoma mchanganyiko huo kila sekunde. Geji hiyo ndiyo iliyomponza.

Siku mbili kabla ya harusi, geji ilisema gari ni kavu mno, petroli haitoshi, likienda polepole. Kumi na saba. Adila akaongeza petroli. Ikasema bado. Akaongeza tena. Pua yake ilisikia petroli mbichi nyuma ya gari, akaipuuza, kwa sababu pua haina tarakimu na geji inazo.

Kisha ikaja siku yenyewe. Gari lilimbeba bibi harusi, binti wa jirani yao Shuaibu, pamoja na Bi Mize, shangazi yake Shuaibu, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Bi Mize ni mfukizaji wa maharusi. Kuanzia Kiwangwa hadi Kerege, binti hatoki ndani bila nguo na nywele zake kupita juu ya chetezo cha Bi Mize. Basi tarumbeta zilitangulia, wanawake wa sare nyeupe wakafuata kwa miguu, na gari katikati, mwendo wa kinyonga. Halikufika mbali. Lilikohoa, likatetemeka, likazima. Adila, aliyekuwa mwalikwa na amevaa vizuri, akaja mbio na kuingiza kichwa ndani ya boneti. Bi Mize akashuka kuangalia kuna nini, akasimama nyuma kabisa ya gari, na hapo ndipo Shuaibu alipowasha. Lilipiga mshindo, likatema wingu jeusi. Wanawake kama thelathini walipata masizi, kila mmoja kwa fungu lake. Bi Mize alipata la kwanza.

Barua ya posa kwa Adila iliyokuwa ikiandikwa kwa kina Shuaibu iliwekwa chini ya godoro. Ndugu walipata la kusema: ana mtoto, tena analala chini ya magari ya wanaume. Bi Mize hakugusa mtoto wala ovaroli. Alisema neno moja, na Shuaibu alilileta Zinga kwa simu akiwa na sauti ya mgonjwa.

"Amesema, mimi mwenyewe niliachwa, siwezi kumkataa aliyeachwa. Lakini fundi asiyeijua kazi yake, na akikosea haji kuomba radhi, huyo nimpe mwanangu amfanye nini?"

Neno hilo lilimfika Adila. Lilimchoma kwa kuwa lilikuwa la haki.

*

Jumamosi, saa tatu asubuhi, pikapu ya mananasi ilisimama mbele ya gereji. Shuaibu akashuka upande wa dereva. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni shati. Macho yao yalikutana juu ya boneti ya Noah ya mteja iliyokuwa katikati yao, na Adila akasahau nati aliyokuwa akiifunga, maana siku tisa ni nyingi kwa mtu uliyezoea kumwona kila siku ya pili. Shuaibu hakutabasamu. Alizunguka gari, akafungua mlango wa pili, akampokea mama wa makamo kikapu cha ukindu.

Bi Mize alikuwa amevaa dera jeupe. Lile lile la sare. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi, lakini begani doa la kijivu lilikuwa bado limekaa, na Adila alipoliona alitamani ardhi impokee.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Bi Mize alimtazama kuanzia mtandio hadi viatu, bila haraka. "Kwa hiyo huyu ndiye. Siku ile nilikuona mgongo tu."

Adila aliweka spana chini, akafuta mikono kwenye kitambaa ingawa haikuwa na uchafu.

"Shangazi, nimekukosea mara mbili. La kwanza ni gari. La pili, sikuja Kiwangwa kukuomba radhi. Niliona aibu, nikajificha. Naomba unisamehe."

Mjomba Maulidi, aliyekuwa anapima oili ya Noah, akawa anaipima kwa muda mrefu kuliko oili inavyohitaji.

"La pili nimelisikia na limekwisha," alisema Bi Mize. "La kwanza haliishi kwa mdomo. Leo saa kumi natakiwa Kerege kumfukiza bibi harusi. Wazee wetu wote watakuwa pale, na wamesema leo nitoe neno langu kuhusu huyu na wewe, wasizungushwe tena. Nimewaambia nitalitoa nikifika. Na nitafika kwa hilo gari."

Shuaibu akalitazama turubai la buluu.

"Mke akiunguza wali hafungiwi jiko," aliendelea Bi Mize. "Anapika tena, wageni wanangoja. Haya, mimi mgeni. Nionyesheni pa kukaa."

Mjomba Maulidi alimletea kiti cha plastiki, chenye miguu yote minne mizima, ambacho pale gereji ni heshima kubwa.

*

Shuaibu alilivua gari turubai, na walipokuwa wameinama pamoja upande wa injini akamnong'oneza. Kompyuta si ilikuwa bado na hesabu za zamani, za kabla hajaanza kuongeza? Basi azirudishe tu. Gari litakuwa halina nguvu, lakini litafika Kerege, shangazi atatoa neno, na mengine yatafuata wakishaoana.

"Litafika," Adila alikubali.

"Basi?"

"Basi nitakuwa nimempeleka shangazi yako Kerege bila kujua nilikosea wapi. Ameuliza kama naijua kazi yangu, Shuaibu. Hakuuliza kama najua kuficha."

"Mimi sitaki kukupoteza kwa sababu ya geji, Mama Lulu."

Alilisema kwa sauti ya chini, huku anaangalia nati, na jinsi alivyolitamka jina la mtoto ndani ya jina la mama kulimfanya Adila ashike ukingo wa gari. Angelikubali, labda, kama angelikuwa amemtazama. Hakumtazama. Alimwomba amfungulie plagi.

Plagi zote nne zilitoka nyeusi na zimelowa. Ukizigusa, masizi yalibaki kidoleni. Gari lenye plagi kama hizo limezama kwenye petroli, hata fundi wa juzi anajua. Adila akarudishia nyingine kavu, akaunganisha laptop, akawasha. Injini ikanguruma kwa kujikokota, na geji ikasema bila haya: kumi na saba. Kavu.

Alizima. Akakaa kwenye kiti cha dereva, plagi nyeusi kwenye kiganja cha kushoto, macho kwenye geji. Mmoja kati ya hawa wawili alikuwa mwongo.

Aliendelea kukaa hivyo mpaka Bi Mize, aliyekuwa akivuta tasbihi yake muda wote, akauliza kuna nini. Adila angeweza kusema mambo ya kifundi yakaishia hapo. Badala yake alishuka, akamwonyesha plagi, akamweleza kwamba plagi inasema tui limezidi na geji inasema halitoshi, na kwamba siku ile ya harusi aliifuata geji.

"Na hiyo geji inajuaje?"

"Ina sensa, shangazi. Ni kama pua. Imechomekwa kwenye bomba la ekzosi karibu na injini, inanusa moshi unaotoka, inasema kumebaki hewa kiasi gani."

Bi Mize akafikiri. "Labda ina mafua."

Shuaibu alicheka, kicheko cha kwanza tangu afike. Mjomba Maulidi naye akacheka. Adila hakucheka. Alikuwa amesimama na plagi mkononi, mdomo umeachama kidogo.

"Haina mafua," alisema polepole. "Inanusa ya nje."

Akawaeleza huku maneno yanagongana. Kama bomba lina ufa kabla ya kufika kwenye sensa, gari likienda taratibu bomba linapumua, linatema na kuvuta, linavuta hewa ya nje kupitia ule ufa. Sensa inainusa hewa hiyo na kudhani ni ya injini. Inasema kavu. Fundi anaongeza petroli. Inasema bado kavu, maana ufa hauzibwi kwa petroli. Fundi anaongeza tena. Na mwendo wa taratibu kuliko wote duniani ni mwendo wa kumpeleka bibi harusi.

"Siku ile nilisikia harufu ya petroli mbichi," alimalizia. "Pua yangu iliniambia. Sikuiamini."

Bi Mize aliiweka tasbihi kando.

Kujua kuna ufa ni jambo moja, kuuona ni lingine. Waliinua gari kwa jeki, wakaliweka juu ya magogo, Adila akaingia chini kwa mgongo. Shuaibu akaingia kwa upande wa pili amshikie tochi ya simu. Bomba lilikuwa limefungwa utepe wa kuzuia joto, limeota kutu, limejaa vumbi la Kiwangwa. Aliufungua utepe, akapaka povu la sabuni pale mkono ulipofika, mjomba akapuliza upepo kwenye ekzosi, Adila akasubiri. Povu likakauka bila kusema lolote. Nyuso zao zilikuwa shibri moja kutoka kila mmoja. Tone la jasho lilishuka kwenye paji la Adila kuelekea jichoni, na mikono yake yote ilikuwa na sabuni na kutu, na Shuaibu akalifuta kwa ncha ya mkono wa shati lake kabla halijafika.

"Usichoke," alimwambia.

"Sijachoka."

"Lulu hajambo? Siku tisa hizi hajaniulizia?"

"Anauliza mjomba wa mananasi amekwenda wapi. Nimekosa la kumjibu."

Walitazamana. Hatua mbili kutoka hapo ilionekana miguu ya Bi Mize kwenye makubazi, haisogei, inasikiliza. Shuaibu akarudisha tochi kwenye bomba.

"Tungekuwa na moshi," Adila alisema kwa sauti, akijisemea. "Gereji kubwa wana mashine. Unalijaza bomba moshi, unaona unapotokea." Akajivuta kutoka chini ya gari, akapiga magoti hapo hapo kwenye mchanga wenye oili, mbele ya kiti cha plastiki.

"Shangazi," alisema, "naomba chetezo chako."

Mjomba Maulidi alikohoa. Bi Mize alikivuta kikapu karibu na miguu yake, kama mtu aliyeguswa mfukoni. Ndani mlikuwa na chetezo cha udongo alichorithi kwa mama yake, makaa, ubani kwenye kopo, na kijisanduku cha vipande vya udi. Vitu vile havikuwahi kufukiza kitu kingine ila watu na nguo za watu, na siku za heri.

"Unataka kufukiza gari."

"Nataka kulifukiza kwa ndani. Moshi wako utanionyesha ufa ambao macho yangu hayauoni."

Bi Mize alimtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, sabuni mpaka viwikoni, kutu kwenye mtandio. Aliangalia pia mpwa wake, aliyekuwa ametoa kichwa chini ya gari kama kobe.

"Udi wa bibi harusi sikupi," alisema hatimaye. "Ubani utatosha. Na moto nitauwasha mimi. Nyinyi mtanivunjia chetezo."

Basi wakafanya kazi ambayo Zinga haijaiona. Mjomba Maulidi alitoboa debe la rangi matundu mawili. Chetezo kikaingia ndani ya debe, makaa yakashika, Bi Mize akanyunyiza ubani, kifuniko kikafungwa. Tundu moja lilipokea mpira wa kompresa, la pili likatoa mpira mwingine hadi kwenye mdomo wa ekzosi, ukazibwa kwa matambara. Shuaibu akafungua upepo, na debe likatikisika.

"Taratibu," Bi Mize alimkaripia. "Ubani hautaki papara. Punguza. Punguza tena. Hapo."

Akavua makubazi, akalikunja dera lake jeupe mpaka magotini, akachuchumaa kando ya gari kuangalia chini. Shuaibu akamwambia asijisumbue, atachafuka. Alijibiwa kwamba dera lilikwisha chafuka siku tisa zilizopita, na moshi yeye amezaliwa nao.

Gereji ikaanza kunukia kama siku ya Ijumaa. Dakika moja ikapita, ya pili. Adila, mgongo kwenye mchanga, alikuwa anaangalia maungio makubwa, pale ambapo fundi yeyote angeangalia. Hakuona kitu.

"Siyo huko," alisema Bi Mize. "Juu yake. Karibu na hicho kidude chako. Tazama, unapanda kama uzi."

Adila akageuza kichwa. Pale ambapo fundi fulani zamani alichomelea kikombe cha kukalishia sensa, kwa juu, upande unaotazama injini na usioonekana isipokuwa na mtu aliyechuchumaa nje, uzi mwembamba mweupe ulikuwa ukitoka na kupinda. Akapeleka kidole. Ukakatika. Akakitoa. Ukaendelea.

"Nimeuona," alisema. "Nimeuona, shangazi."

*

Mjomba Maulidi alichomelea ule ufa mwenyewe, mara mbili, kwa mkono wa mtu aliyeambiwa kwamba posa ya mpwa wake iko kwenye ncha ya fimbo ya kuchomelea. Waliswali adhuhuri bomba likipoa. Kisha Adila akawasha.

Geji ilisema kumi na nukta nne. Zito kupindukia. Kwa mara ya kwanza ilisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa aibu yake yote imeandikwa kwa taa nyekundu, petroli yote aliyoiongeza kwa mikono yake. Adila hakuona aibu. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Akakalisha laptop mapajani, akaanza kupunguza. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Injini ikaacha kujikokota, ikaanza kuzunguka kwa sauti moja, laini, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Kumi na nne na nukta saba. Akauinua mkono juu ya usukani kuwaashiria wasiseme, akasikiliza. Plagi alizozitoa dakika kumi baadaye zilikuwa na rangi ya kahawa ya maziwa.

"Bado turbo," alimwambia Shuaibu. "Hapo lazima liende."

Bi Mize alikuwa amekwisha kaa kiti cha nyuma, kikapu mapajani. Alisema hawezi kungoja kwenye kiti cha plastiki wakati mambo yako barabarani, na isitoshe, vijana wawili wasiooana hawaendi shambani peke yao.

Waliingia barabara ya changarawe ya shamba la rafiki wa mjomba, ndefu, iliyonyooka, minazi huku na huku na hakuna mtu. Shuaibu akaushika usukani. Adila, kando yake, akaweka jicho moja kwenye laptop na moja kwenye geji. Akamwambia gia ya tatu, akanyage mpaka mwisho, na akisema acha, aache. Turbo likaanza kupiga mluzi. Geji ikashuka kama alivyoifundisha kompyuta, kumi na tatu, kumi na mbili, na kiti kikamsukuma mgongoni, minazi ikawa ukuta, na tarakimu ikatua kwenye kumi na moja na nusu na kukaa hapo, haitikisiki, huku gari likiwabeba kana kwamba changarawe ni zulia.

"Acha."

Shuaibu akaachia. Vumbi likawapita. Wote wawili wakageuka kuangalia kiti cha nyuma. Bi Mize alikuwa amekikumbatia kikapu, mtandio umeteleza hadi shingoni, macho makubwa.

"Kwani ndiyo imeisha?" aliuliza. "Rudieni."

Walirudia mara mbili. Mara moja kwa ajili ya hesabu, na mara moja kwa ajili ya Bi Mize.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa wa mwendo wa polepole, na hakuna aliyesahau. Walipokaribia nyumba ya harusi Kerege, saa tisa na nusu, barabara ya mtaa ilikuwa imejaa watu, ngoma, na akina mama wa sare ya kijani waliokuwa wakicheza mbele yao bila nia ya kupisha. Shuaibu akapunguza. Mwendo wa kinyonga, ule ule. Jasho likamtoka. Adila aliweka kiganja juu ya gia karibu na mkono wake, asiuguse, ila kiwepo hapo. Geji: kumi na nne na nukta saba. Mita hamsini. Mia. Wanawake wengine walifuata kwa nyuma wakipiga makofi karibu kabisa na ekzosi, na hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeangalia nguo yake. Gari lilikuwa likipumua kama mtoto aliyelala.

"Simama hapa," alisema Bi Mize.

Alishuka. Hakwenda mlangoni walikokuwa wamekaa wazee kwenye mkeka. Alizunguka nyuma, injini ikiwa bado inazunguka, na mbele ya watu wote, wengi wao waliokuwapo Kiwangwa siku ile, akasimama pale pale aliposimama siku ile. Akamwashiria mpwa wake akanyage. Shuaibu akakanyaga. Bi Mize akasimama, dera lake likapepea, akalitazama. Kisha akaingia kwa wazee bila kugeuka.

Adila alibaki ndani ya gari. Hakuwa na nguo ya harusi, alikuwa na ovaroli yenye mchanga mgongoni. Alisikia sauti za wazee zikiuliza, na sauti moja, pengine ya mjomba mkubwa wa Shuaibu, ikitaja mtoto, ikitaja kazi za kiume. Hakuisikia sauti ya Bi Mize. Shuaibu alikuwa ameshika usukani wa gari lililosimama.

"Akikataa?" aliuliza.

"Nitakuwa nimejua nilikosea wapi," alisema Adila. Kisha akakiri: "Na nitalia, Shuaibu. Nitalia sana."

Alasiri ikaadhiniwa, ikaswaliwa. Ndani vigelegele vikapanda, ishara kwamba bibi harusi amefukizwa na yuko tayari. Ndipo Bi Mize alipotoka. Alikuwa amebeba chetezo kwa mikono miwili, moshi unamzunguka uso, na nyuma yake wazee watatu walikuwa wamesimama kizingitini kuona anakokwenda. Alikuja moja kwa moja hadi mlango wa Adila.

"Shuka, mwanangu. Lete mikono."

Adila alishuka. Aliinyoosha mikono, akaona kucha zake, kutu, mstari mweusi wa grisi kwenye kidole cha shahada, akataka kuirudisha. Bi Mize aliidaka.

"Shangazi, nina petroli. Itashika moto."

"Makaa yamekwisha poa, kumebaki moshi tu. Unadhani na mimi siijui kazi yangu?"

Shuaibu akacheka ndani ya gari, kicheko chenye machozi. Na Adila akaisikia harufu, akajua haikuwa ile ya asubuhi. Ilikuwa nzito, tamu, ya ndani kabisa.

"Huu si ubani," alisema.

"Si ubani. Nilibakiza kipande." Bi Mize alizungusha chetezo chini ya viganja vyake, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama anavyofanyiwa mwari. Akasema kwa sauti ya kufika kizingitini: "Nimewaambia barua ije Zinga Ijumaa. Nimewaambia fundi wetu hufukiza hata vyuma. Mtoto wako anaitwa nani?"

"Lulu."

"Siku hiyo avalishwe naye. Nitakuja na dera lake. Jeupe."

Adila aliitikia kwa kichwa, machozi yakidondoka kwenye ovaroli, na Shuaibu akawa amekwisha shuka, amesimama upande wa pili wa gari, mikono juu ya paa, anamwangalia mbele ya wazee na sare za kijani bila kuficha kitu.

Jioni ile Adila alinawa uso na miguu kabla ya kuingia kwa mama yake. Mikono hakuinawa. Lulu alimkimbilia mlangoni, akaishika yote miwili, akainusa, akakunja uso. Akainusa tena. Kwa mara ya kwanza alishindwa kukisia.